Siku homa inaposhuka

Watu wa Butere wamezoea kuihesabu homa kwa dozi ya siku tatu. Dengue ina kalenda yake, na siku yake mbaya huja pale mgonjwa anapodhani amepona.

Alfajiri ya siku ya nne kijana anaamka shuka limelowa jasho. Mwili umepoa. Kichwa kilichomgonga siku tatu mfululizo kimetulia, na yale maumivu ya nyuma ya macho yamepungua. Mama yake anaingia na kikombe cha uji, anamwekea kiganja kwenye paji la uso, anashusha pumzi.

“Dawa imefanya kazi, mwanangu.”

“Afadhali, mama. Kesho narudi stejini.”

Kijana huyu hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na jinsi madaktari wanavyoueleza ugonjwa wa dengue, nikamweka Butere, kaunti ya Kakamega, nikampa kazi ya bodaboda na steji chini ya mwembe, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Siku tatu zilizopita alishikwa na baridi kali akaingia kwenye kemisti. Mhudumu, ambaye kama kawaida kila mteja humwita daktari, alimtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, akampa dozi ya malaria: vidonge asubuhi na jioni kwa siku tatu. Viungo vilikuwa vinauma mno, basi akadungwa na sindano ya diklofenaki. Leo vidonge vimekwisha na homa imeshuka. Hesabu imekubali.

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Homa ya dengue nayo hushuka kati ya siku ya tatu na ya saba, mgonjwa akimeza dawa ya malaria au asimeze. Na kwa wagonjwa wachache, kushuka huko ndiko kunakofungua saa 24 hadi 48 ambazo ndani yake mtu anaweza kufa akiwa hana homa hata kidogo.

Reli inayopita Chulaimbo

Butere ni nchi ya malaria. Mwaka 2019, Kenya ilipoanza kuwachanja watoto dhidi ya malaria, ilianza na kaunti nane za magharibi, Kakamega ikiwamo, kwa kuwa huku ndiko vimelea vimeshamiri. Mtu aliyekulia hapa akitetemeka na kuumwa kichwa hajiulizi anaumwa nini. Anauliza dozi ni pesa ngapi.

Kipimo cha haraka cha malaria ni chombo kizuri, na kimeokoa maisha ya wengi. Lakini kinasema jambo moja tu: kwamba katika damu hii mna dalili za vimelea vya malaria. Panapokuwa na malaria nyingi, watu wazima wengi hubeba vimelea hivyo bila kuumwa. Isitoshe, aina ya kipimo kinachotumika sana huweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Hivyo mistari miwili inatosha kumpa mgonjwa dawa, ila haitoshi kuapa kwamba malaria peke yake ndiyo iliyomlaza. Magonjwa haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mwili mmoja kwa wakati mmoja.

Je, dengue yenyewe iko karibu? Reli inayoishia Butere inatoka Kisumu. Inapita Kisian, zilipo maabara kubwa za Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, inapanda kuelekea Maseno, kisha Luanda na Yala. Kabla ya kufika Maseno kuna Chulaimbo. Huko Chulaimbo na mjini Kisumu, kati ya mwaka 2014 na 2015, watafiti walipima damu ya watoto waliofikishwa hospitalini na homa isiyoeleweka chanzo. Walikuta dengue, nyingi ikiwa aina ya kwanza, ingawa aina zote nne zilionekana, na kuna watoto waliokuwa na aina mbili kwa mpigo. Hapakuwa na tangazo la mlipuko wakati huo. Ugonjwa ulikuwa ukipita kimya kimya ndani ya kundi kubwa la homa za kawaida.

Milipuko iliyotangazwa ilikuwa mbali na Butere. Mwaka 1982 dengue ilizuka Malindi na Kilifi, ikiwa aina ya pili. Mwaka 2011 aina ya tatu iliulaza mji wa Mandera. Kuanzia mwaka 2013 ikawa zamu ya Mombasa, aina tatu zikizunguka kwa pamoja, na mji huo umepata milipuko mingine tangu hapo. Ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam ilishikwa mwaka 2014, kisha mwaka 2019 Tanzania ikahesabu wagonjwa zaidi ya 6,000.

Pwani hii inaujua ugonjwa huu tangu zamani. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka mwingine kama huo wa mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba neno dengue lenyewe lilitokana na jina hilo la Kiswahili, likavuka bahari hadi Karibi na kurudi kwetu limevaa nguo za kigeni. Wengine wanasema homa ile ya Unguja huenda ilikuwa chikungunya. Watanzania hadi leo huiita dengue kidingapopo.

Kila Desemba mabasi ya usiku kutoka Mombasa huwaleta wana wa Butere nyumbani kwa Krismasi. Tuseme kijana wetu naye aliwahi kuwa huko. Alifanya kibarua Changamwe, mwaka 2013 akaugua homa ya wiki moja, akaambiwa ni malaria, akapona, akasahau. Baadaye akarudi nyumbani, akanunua pikipiki. Homa ile aliyoisahau tutaihitaji mbele.

Safari ya kirusi

Mbu wa dengue, Aedes aegypti, si yule anayeimba masikioni usiku. Ni mdogo, mweusi, mwenye madoa meupe miguuni, na anauma mchana, hasa saa chache baada ya jua kuchomoza na kabla halijatua. Neti ya kitandani, silaha kuu ya Butere dhidi ya malaria, humkuta ameshamaliza kazi yake. Mwendesha bodaboda anayesubiri abiria kivulini, kaptura imeishia magotini, ni mlo uliotengwa.

Mate ya mbu huingiza virusi kwenye ngozi. Hapo vinakutana na seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi na kupiga mbiu. Kirusi cha dengue kimejifunza kuishi ndani ya seli hizo hizo. Kinaingia, kinazaana, na seli inapokwenda kwenye tezi kutoa taarifa ya uvamizi inakuwa imembeba mvamizi mgongoni. Kutoka kwenye matezi virusi vinamwagika kwenye damu na kufika kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Kuanzia siku ya kuumwa hadi siku ya baridi ya kwanza hupita siku nne hadi kumi.

Homa inapopanda, mara nyingi kupita nyuzi 39, si kirusi kinachouchoma mwili. Ni mwili wenyewe umewasha tanuri. Seli za kinga zinamwaga kemikali za kuitana, na kemikali hizo ndizo zinazoleta joto, maumivu ya viungo na ule uchovu unaomfanya mtu mzima ashindwe kuinua kijiko. Uboho nao unapunguza uzalishaji. Chembe nyeupe zinapungua, na chembe sahani, zile ndogo zinazoziba mishipa inapochanika, zinaanza kuporomoka. Mtu mzima huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila tone dogo la mikrolita moja ya damu. Katika dengue mara nyingi hushuka chini ya 100,000, na kwa mgonjwa aliyezidiwa zaidi ya hapo.

Wengi huishia hapo. Katika kila watu wanne wanaoambukizwa, mmoja tu ndiye huugua, na kati ya wanaougua ni kama mmoja katika 20 anayefikia hali mbaya. Wengine hulala wiki moja, hupata upele, huamka dhaifu, maisha yakaendelea. Huyo mmoja ndiye anayetuhusu leo, na kwake mambo hubadilika siku homa inaposhuka.

Mtungi unaotoa jasho

Yeyote aliyewahi kunywa maji ya mtungi anajua kwamba udongo uliochomwa hauyazuii maji yote. Nje ya mtungi mna unyevu. Maji yanapenya polepole kwenye vitundu visivyoonekana, na ndiyo sababu yanakuwa baridi. Mtungi haujavunjika, unatoa jasho tu.

Mishipa yetu midogo ya damu imejengwa karibu hivyo. Kwa ndani imetandikwa safu moja ya seli bapa zilizoshikana bega kwa bega, na juu ya safu hiyo pana tabaka laini kama ute, la sukari na protini, linalochuja nini kipite na nini kibaki. Kwa kawaida maji kidogo hupenya kwenda kulisha viungo kisha hurudi. Katika dengue kali vitundu hivyo vinapanuka, na jasho la mtungi linakuwa mvujo.

Nini kinavitanua? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: zile kemikali za kuitana, zikizidi kiasi, huzilegeza seli za mishipa ziachane mabega. Jibu hilo bado lina nguvu. Mwaka 2015 vikundi viwili vya watafiti, kimoja Australia na kingine Marekani, viliongeza la pili. Seli iliyoambukizwa humwaga ndani ya damu protini ya kirusi inayoitwa NS1. Walionyesha kwamba protini hiyo, hata bila kirusi chenyewe, inaweza kuifanya mishipa ivuje na kuwasha kemikali za hatari kana kwamba mwili umeingiwa na bakteria. NS1 hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa na kipimo cha haraka cha dengue katika siku za mwanzo za homa.

Mtu mzima ana damu kama lita tano. Zaidi ya nusu yake ni plazma, yaani maji yenye protini na chumvi yanayozibeba chembe. Kinachovuja katika dengue ni plazma hiyo. Chembe nyekundu ni kubwa, zinabaki ndani. Plazma inakwenda kujaa kuzunguka mapafu na tumboni, haionekani kwa nje, haimwagiki sakafuni. Mgonjwa anapungukiwa damu bila kutokwa na tone.

Wanaokaa karibu na vinu vya sukari nguru wamekwisha kuliona jambo hili ndani ya karai. Maji ya miwa yanachemka, mvuke unaondoka, kinachobaki kinazidi kuwa kizito hadi mwiko unasimama. Damu ya mgonjwa wa dengue inazidi kuwa nzito kwa namna hiyo. Maabara hupima sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikipanda kwa asilimia 20 juu ya kawaida ya mtu huyo huku chembe sahani zikiporomoka, daktari anajua mtungi unavuja.

Sasa mrudie kijana wetu, jioni ya ile siku ya nne. Hana homa. Anasema amechoka tu. Tumbo linamuuma upande wa kulia chini ya mbavu, ini likiwa limevimba. Ametapika mara tatu tangu adhuhuri. Mikono yake ni baridi. Ukimbana ukucha hadi uwe mweupe kisha ukauachia, wekundu unachelewa kurudi kupita sekunde mbili. Tangu asubuhi hajakojoa. Lakini bado anajibu maswali vizuri, macho yako wazi, na mtu akimpima presha anaweza kusoma namba ya juu, 100, akamwambia uko sawa, kijana, nenda ukapumzike.

Namba ya kuangalia ni ile ya chini. Presha ya kawaida, 120 juu ya 80, ina mwanya wa 40. Plazma inapovuja, moyo unapiga mbio na mishipa ya mikono na miguu inajibana ili damu kidogo iliyobaki ifike kwenye ubongo. Kujibana huko kunaishikilia namba ya chini juu. Presha inakuwa 100 juu ya 80. Mwanya umebaki 20, na mwili uko kwenye ukingo. Akiachwa, namba zote mbili zitaanguka kwa pamoja, na zikianguka, figo, ini na moyo vinaanza kukosa damu. Kule kuvuja damu kunakotisha watu, matapishi kama machicha ya kahawa na choo cheusi kama lami, mara nyingi kunakuja baada ya hapo, mwili ukiwa umekaa saa nyingi bila damu ya kutosha. Diklofenaki aliyodungwa siku ya kwanza inaweza kuwa imeizidisha hatari hiyo, kwa kuwa dawa za jamii yake, pamoja na aspirini na ibuprofeni, hukwangua tumbo na kuzizuia chembe sahani chache zilizosalia zisifanye kazi.

Ndugu wanne wa nyumba moja

Kwa nini yeye, na si abiria wake aliyeumwa na mbu yuleyule? Hapa ndipo homa ya Changamwe inaporudi.

Virusi vya dengue viko vya aina nne, kama ndugu wanne wa nyumba moja: sura zinafanana, tabia si moja. Ukiugua aina moja, mwili unatengeneza kingamwili zinazokulinda na aina hiyo maisha yako yote. Dhidi ya wale ndugu wengine watatu zinakukinga kwa miezi kadhaa tu, kisha kinga hiyo inafifia. Baada ya hapo kingamwili za zamani zikikutana na ndugu mwingine zinamshika, ila haziwezi kumlemaza.

Zikishamshika, mkia wa kingamwili unakuwa mpini. Zile seli za kinga zinazomeza wavamizi zina mikono iliyoumbwa kuushika mpini huo, kwa maana kwamba kila kilichoshikwa na kingamwili ni cha kumezwa na kusagwa. Kirusi kinaingizwa kwa heshima ndani ya nyumba ambayo ndiyo kilikuwa kinaitafuta. Kipo hai. Kinazaana humo kwa wingi kuliko kingeweza kama kingegonga mlango peke yake. Virusi vikizidi, NS1 inazidi, kemikali zinazidi, mtungi unavuja.

Aliyelisukuma wazo hili zaidi ya wote ni Scott Halstead, daktari Mmarekani aliyefanya kazi Bangkok, Thailand, miaka ya 1960. Aliona kwamba watoto waliozidiwa walikuwa wa makundi mawili: wale walioambukizwa kwa mara ya pili, na watoto wachanga wa miezi kadhaa wanaougua kwa mara ya kwanza. Wachanga hao walikuwa wameachiwa kingamwili na mama zao, nazo zilikuwa zimefifia hadi kufika kiasi kile cha kushika bila kuzuia.

Kisha ikaja Kuba. Mwaka 1977 aina ya kwanza ilienea kisiwani humo kwa upole. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili. Waliougua walipita 340,000, na 158 wakafa, wengi wao watoto. Waliozidiwa karibu wote walikuwa wamepitia ile ya mwaka 1977. Nchini Nikaragua, watafiti waliwafuatilia maelfu ya watoto wa Managua kwa miaka mingi, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba mtoto mwenye kingamwili nyingi alikuwa salama na asiyekuwa nazo kabisa hatari yake ilikuwa ndogo. Aliyekuwa nazo za wastani wa chini ndiye hatari yake ilipanda zaidi ya mara saba.

Mwaka huo huo Ufilipino ikalipa gharama ya fumbo hili. Serikali ilikuwa imewachanja watoto zaidi ya 800,000 kwa chanjo ya kwanza ya dengue duniani. Novemba 2017 watengenezaji walitangaza kwamba mtoto ambaye hajawahi kuugua dengue huweza kuzidiwa zaidi akiambukizwa baada ya kuchanjwa: kwake chanjo yenyewe huenda hufanya kazi kama ugonjwa wa kwanza, na mbu akija baadaye anakuta mwili umeshaandaliwa kuzidiwa. Zoezi likasimamishwa, na imani ya wazazi kwa chanjo nyingine ikatetereka nalo. Chanjo mpya zaidi zimekuja tangu hapo zikiwa na tahadhari kubwa.

Ugonjwa wa pili unaongeza hatari, haumaanishi kifo, na wapo waliozidiwa katika ugonjwa wao wa kwanza. Umri, mimba, kisukari na nguvu ya aina ya kirusi vina sehemu yake. Kwa Butere kuna jambo jingine la kuangaliwa kwa karibu. Magharibi mwa Kenya, kwa sababu ya malaria ya vizazi na vizazi, kuna watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Madaktari wa Kuba na visiwa vingine vya Karibi waliona kwamba mgonjwa wa selimundu akishikwa na dengue huporomoka haraka kuliko wengine. Chembe zake, ambazo hujipinda mundu maji yanapopungua mwilini, zinakutana na ugonjwa ambao kazi yake ni kupunguza maji. Mtoto wa namna hii akiwa na homa hana haja ya kusubiri siku ya nne. Hospitali ni siku ya kwanza.

Dawa ni maji, kwa kipimo

Hakuna kidonge kinachoua kirusi cha dengue. Hata hivyo, mtu aliyefikia dengue kali bila matibabu anaweza kuwa na hatari ya kufa ya mmoja kati ya watano, na akihudumiwa na watu wanaoujua ugonjwa, hatari hiyo inashuka chini ya mmoja kati ya 100. Kinachojaza pengo hilo ni maji na saa.

Suchitra Nimmannitya, daktari wa watoto wa Bangkok, alitumia maisha yake ya kazi kuonyesha hivyo. Wodi yake ilijaa watoto waliokuwa wakizama kwenye mshtuko wa kukosa damu. Aliwafundisha madaktari na wauguzi kuhesabu siku za homa, kupima uzito wa damu mara kwa mara na kutoa dripu kwa kiasi kinachofuata mvujo, kwa kuongeza mvujo unapoongezeka na kupunguza unapopungua. Vifo vikashuka.

Kupunguza ni muhimu sawa na kuongeza. Mvujo hauchukui zaidi ya siku mbili. Ukikoma, plazma iliyokuwa imejaa kifuani na tumboni inarudi yenyewe ndani ya mishipa. Mgonjwa anaanza kukojoa sana, hamu ya chakula inarudi, upele unatokea wenye vijisiwa vyeupe katikati ya wekundu, na ngozi inawasha. Muuguzi aliyesahau dripu ikiendelea kutiririka wakati huo anaweza kumzamisha mgonjwa kwa maji, mapafu yakajaa, akafa siku aliyopaswa kurudi nyumbani.

Nyumbani, kazi ni nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata. Homa ipozwe kwa parasetamoli peke yake, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa ini tayari limeelemewa. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zikae kando hadi chanzo cha homa kijulikane. Mgonjwa anywe kidogo kidogo mchana kutwa: uji mwepesi, maji ya chumvi na sukari, supu, maji ya madafu akiyapata. Kipimo chake ni mkojo. Akipitisha muda wa saa sita bila kukojoa, mtungi unavuja au maji hayatoshi. Na homa inaposhuka, ndipo mtu wa kumwangalia anapopaswa kukaa karibu zaidi, kwa siku mbili nzima. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, usingizi usio wa kawaida au kuhangaika kitandani, mikono baridi: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye kipima joto na mashine ya presha. Mkoba huo unatosha kuuona mwanya ukijifinya kutoka 40 hadi 20. Unachohitaji ni mtu anayejua kwamba mwanya huo una maana.

Pipa la nyuma ya nyumba

Ukizunguka nyuma ya nyumba ya kijana, chini ya mlizamu, utakuta pipa la plastiki. Mvua za Butere ni za alasiri, nzito, na maji ya paa ni mali. Chungulia jua likiwa nyuma yako: viluwiluwi vinaning'inia vichwa chini, ukigonga ukingo vinajikunja na kuzama, kisha vinapanda tena kupumua. Pembeni pana tairi kuukuu la pikipiki lenye maji ya mvua ya juzi, na kopo la rangi lililosahaulika. Mbu huyu hapendi mto wala kinamasi. Anapenda maji matulivu tunayoyatunza wenyewe, na mayai yake yaliyobandikwa ukutani mwa pipa huvumilia ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua.

Kumwaga maji bila kusugua ukingo ni kumpa likizo. Pipa linafunikwa kwa kitambaa kinachobana, linasuguliwa ndani kila wiki, tairi linatobolewa au linaondolewa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja hivi. Anayesugua kila Jumamosi yuko mbele yake.

Huko kemisti, mama wa kijana yumo kwenye foleni. Amekuja kununua vidonge vya nguvu, kwa kuwa mwanawe amepona ila hana nguvu. Mhudumu anaweza kumpa na mama akaondoka ameridhika. Au anaweza kuuacha mkono juu ya droo na kuuliza maswali mawili ambayo hayagharimu chochote.

“Mama, homa ilishuka lini? Na tangu ishuke, amekojoa mara ngapi?”